Kuchagua oili ya gia kwa boti za kasi za Lamu

Mwenye boti ya kasi hapa Lamu huwa makini sana na petroli, na akiwa na mashine ya mipigo miwili huwa makini pia na oili anayoichanganya nayo. Oili iliyofungiwa ndani ya mguu wa mashine, kule chini propela inakozungukia, haionekani wala haisikiki, na kwa hiyo ndiyo husahauliwa. Ni oili kidogo: mguu wa mashine ya nguvu za farasi 40 huchukua chini ya nusu lita, na ule wa mashine ya 200 hukaribia lita moja. Hata hivyo, ndiyo inayobeba nguvu zote za injini pale zinapogeuzwa kutoka shafti iliyosimama wima hadi shafti ya propela iliyolala. Mwongozo huu unahusu namna ya kuichagua, hasa kwa mashine kubwa zinazokimbizwa kwa nguvu zote, kama zile zinazopeleka abiria Faza na Kizingitini au wageni Kiwayu.

Kabla ya kwenda dukani, fungua kitabu cha mashine. Hutaja mambo mawili: mnato wa oili, yaani wepesi au uzito wake katika kutiririka, kwa mfano SAE 90 au 80W-90, na daraja lake la API (Taasisi ya Petroli ya Marekani), yaani GL-4 au GL-5. Jina la kampuni ya oili linakuja baada ya hayo mawili, na mabishano mengi yanayosikika gatini kuhusu jina gani bora hufanywa na watu ambao hawajaufungua ukurasa huo. Kitabu kikiwa kimepotea, muulize wakala wa mashine hiyo akutajie mnato na daraja kwa namba kamili ya modeli iliyobandikwa kwenye kibanio cha mashine, kwa sababu mashine mbili za kampuni moja na nguvu sawa, zikitofautiana miaka, zinaweza kutakiwa oili tofauti.

Mzigo ulio ndani ya mguu

Ndani ya mguu kuna gia tatu za umbo la koni: ndogo moja iliyo mwisho wa shafti ya wima, na mbili kubwa zinazotazamana, moja ya kwenda mbele na nyingine ya kurudi nyuma. Kati ya hizo mbili kuna kiungo chenye meno ambacho huteleza upande huu au ule unapoingiza gia. Nyumba ya gia hizi hufanywa nyembamba kwa makusudi, maana ikiwa nene itaburuta maji na kuipunguzia boti mwendo. Kwa sababu hiyo gia haziwezi kuongezwa ukubwa kwa kadiri nguvu zinavyoongezeka. Mashine ya 200 ina nguvu mara tano ya mashine ya 40, lakini gia zake hazikui mara tano, na kila jino hubanwa zaidi.

Ongeza hapo namna boti ya kasi inavyokwenda. Wakati wa kusi, ukitoka nje ya mlango wa Shela, boti huruka juu ya wimbi, propela hutoka majini na kuzunguka bure kwa kasi, kisha hushika maji tena ghafla. Pigo hilo lote hupitia kwenye meno ya gia. Utando wa oili unaotosha boti inayokwenda taratibu kwenye maji matulivu ya ndani unaweza kukatika hapo, na chuma kikaguzana na chuma. Ndipo zinapohitajika zile dawa zinazotiwa kwenye oili ya gia, za salfa na fosforasi, ambazo hushikana na uso wa chuma na kuulinda uso huo pale utando wa oili unapokatika.

Boti inayovusha watu siku nzima kati ya Mokowe na Lamu ina taabu ya aina nyingine. Haikimbii sana, lakini huingizwa gia ya mbele na ya nyuma mara nyingi kwa siku, na kinachochakaa hapo ni kile kiungo cha meno. Vipande vidogo vya chuma vinavyokatika huzunguka ndani ya oili, na kwa boti kama hiyo kubadilisha oili mapema kuna faida kuliko kununua oili ya gharama kubwa.

Namba zilizoandikwa kwenye chupa

Namba iliyotangulia herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi. Oili ya 80W hupimwa katika nyuzi 26 chini ya sifuri, na ya 75W katika nyuzi 40 chini ya sifuri. Maji ya Lamu hayashuki hata kukaribia nyuzi 20 juu ya sifuri, kwa hiyo anayelipa zaidi kwa ajili ya 75W peke yake analipia baridi ya nchi nyingine. Oili ya 75W-90 mara nyingi huwa ya sintetiki, yaani iliyoundwa kiwandani kwa kemikali, na usintetiki wake unaweza kuwa sababu nzuri ya kuinunua, lakini hilo ni jambo tofauti na lile la baridi.

Namba inayofuata ndiyo inayotuhusu. Oili ya gia yenye namba 90 ni ile ambayo mnato wake, ukipimwa kwenye joto la nyuzi 100, unaanzia sentistoksi (kipimo cha mnato) 13.5 na haufiki 18.5. Sasa linganisha na oili ya injini yenye namba 40, ambayo mnato wake kwenye joto hilohilo huanzia 12.5 na haufiki 16.3. Msomaji ataona kwamba oili hizi mbili zinakaribiana sana kwa uzito, ingawa namba moja inazidi mara mbili ya nyingine. Ni vipimo viwili tofauti, kimoja cha injini na kingine cha gia, na namba zake hazilinganishwi. Kwa hiyo wanaotia oili ya injini ya 40 ndani ya mguu kwa dharura hawakosei kwa sababu ni nyepesi. Wanakosea kwa sababu haina dawa za kutosha za kuhimili mbano wa gia. Ikiwa umekwama na huna budi, itakufikisha nyumbani kwa mwendo wa pole, lakini ikimbize boti kwa nguvu zote ukiwa nayo na utakuwa unazisaga gia.

Oili ya 140 huanzia sentistoksi 24, na ni nzito kweli. Kuna imani kwamba mguu uliochakaa ukitiwa 140 hupona, na wapo wanaochanganya hata na grisi. Kinachotokea ni kwamba oili nzito huchelewa kuvuja kwenye sili (mpira unaozuia oili kutoka na maji kuingia) iliyokatika, na mwenye boti huridhika kwamba tatizo limekwisha, kumbe maji yanaendelea kuingia kidogo kidogo. Zaidi ya hayo, oili nzito kuliko inayotakiwa hula nguvu za injini, hupata joto kwa kusukwasukwa, na huchelewa kufika kwenye beringi zenye nafasi ndogo. Zipo mashine na miguu ambayo watengenezaji wenyewe huagiza 75W-140 kwa kazi nzito, na hapo itiwe bila wasiwasi. Isipoagizwa, mimi siishauri hata kwa boti inayokimbia sana.

GL-4 na GL-5

Watu wengi huchukulia kwamba 5 ni bora kuliko 4 kwa kuwa ni kubwa zaidi. GL-5 ilikusudiwa gia za haipoidi, zile za ekseli ya gari ambazo shafti zake hazikutani katikati na meno yake huteleza sana yakisukumana, na kwa hiyo ina dawa nyingi zaidi za mbano. Gia za mguu wa boti kwa kawaida si za haipoidi, kwa kuwa shafti zake hukutana katikati, na ndiyo maana mashine nyingi za nguvu ndogo na za kati zimefanya kazi miaka yote kwa GL-4. Kinachochanganya ni kwamba vitabu vya mashine vya zamani huandika "oili ya gia ya haipoidi" kama jina la jumla, bila kumaanisha kwamba gia zenyewe ni za namna hiyo.

Salfa iliyo kwenye dawa hizi, isipotulizwa vizuri, inaweza kula shaba na aloi zake, na baadhi ya miguu ina bushi au wosha za shaba nyeusi. Oili nyingi za kisasa za GL-5 zimetengenezwa ili zisidhuru shaba, lakini si zote, na chupa haitakwambia. Kanuni ninayoifuata ni hii: kitabu kikisema GL-5, usishuke hadi GL-4, kwa sababu mtengenezaji amepima mbano wa gia zake na kuona kwamba kinga ndogo haitoshi; na kikisema GL-4, usipande hadi GL-5 kwa kudhani unaipendelea mashine yako. Chupa nyingine huandikwa madaraja yote mawili. Hiyo inafaa pale ambapo mnato nao ni ule uliotakiwa.

Watengenezaji wengine hugawanya oili kwa nguvu za mashine. Mercury, kwa mfano, huuza oili moja kwa mashine zisizozidi nguvu za farasi 75 na nyingine, yenye kinga kubwa zaidi, kwa mashine zinazozidi hapo. Aliyetoka kwenye mashine ya 60 na kununua ya 150 asiende dukani kwa mazoea.

Oili ya gari au oili ya boti

Duka la vipuri vya magari lina oili ya 90 kwa bei nafuu, na swali la kwa nini isitumike ni swali la haki. Kwenye chuma kikavu, tofauti ni ndogo. Tofauti hujitokeza maji yanapoingia. Oili nzuri ya boti hutiwa dawa za kuzuia kutu ya maji ya chumvi, na nyingi huweza kuyashika maji machache yakasambaa ndani ya oili badala ya kukaa chini kama dimbwi. Oili ya ekseli ya gari haikutengenezwa kwa kudhani kwamba ekseli itazama baharini kila siku, na maji ya chumvi yakikaa chini ya mguu usiku kucha hushambulia beringi palepale yalipotuama. Beringi iliyopata kutu hata kidogo haidumu kwenye mashine ya kasi.

Kwa boti yenye mashine kubwa, basi, nunua oili iliyoandikwa wazi kwamba ni ya mguu wa boti. Kwa mashine ya 15 inayosukuma mashua ya mvuvi, ambaye anabadilisha oili mara kwa mara na anatumia daraja sahihi, oili ya gari si dhambi.

Sintetiki ina faida ya kweli kwa anayekimbia muda mrefu. Huhifadhi mnato wake joto linapopanda, na hukawia kuoza kwa joto. Mguu uliozama majini hupozwa na bahari, kwa hiyo joto si adui mkubwa kwa boti ya kawaida. Lakini boti za mwendo mkali ambazo mashine yake imeinuliwa juu ili mguu usiburute maji, sehemu ya nyumba ya gia hubaki hewani na joto hupanda. Hapo sintetiki inastahili bei yake. Usiichanganye na oili iliyokuwamo kwa kujazia tu. Mwaga yote kwanza, kwa sababu dawa za kampuni mbili huenda zisipatane.

Tahadhari moja kwa wenye boti zilizo na injini ya ndani, ambazo ni nyingi zaidi upande wa Malindi na Watamu. Giaboksi za shafti ndefu zenye klachi za haidroliki hutumia oili ya giaboksi za otomatiki au oili ya injini, kulingana na maagizo ya mtengenezaji, na oili ya gia ya 90 ni kosa kubwa humo. Nayo baadhi ya miguu ya nyuma ya Volvo Penta ina klachi ya koni, inayohitaji msuguano ili ishike. Oili yenye dawa za kuteleza kupita kiasi huifanya iteleze. Humo usitie dawa yoyote ya ziada ya kopo.

Soma oili inayotoka

Uamuzi bora wa oili ya kutia huanzia kwenye oili inayotoka. Asubuhi, kabla mashine haijawashwa, simamisha mguu wima na ulegeze kidogo bolti ya chini. Maji ni mazito kuliko oili na hutuama usiku, kwa hiyo kama yamo yatatangulia kutoka. Kisha mwaga oili yote kwenye chupa ya plastiki inayopenyeza mwanga na uitazame juani. Rangi ya asali au ya hudhurungi iliyokolea ni ya kawaida. Oili nyingine hutiwa rangi ya buluu au kijani kiwandani. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikitoka nyeusi na kunuka kuungua, imepata joto kupita kiasi au imekaa mno.

Ukiwa na shaka, chukua kijiko kikavu, kipashe moto juu ya seredani, mbali kabisa na petroli, na udondoshe tone moja la oili hiyo ukiwa umeutenga uso wako. Oili isiyo na maji hutulia kimya kisha huanza kufuka. Yenye maji hupasukapasuka kwa mlio mkali na kurusha vitone.

Mashine nyingi zina sumaku kwenye bolti ya chini. Utando laini wa kijivu, ambao ukiusugua kati ya vidole hutahisi chembe yoyote, ni uchakavu wa kawaida. Vijiti au maganda ya chuma yanayochoma kidole ni habari nyingine, na hakuna oili itakayoyatibu. Mguu ufunguliwe na fundi.

Maji yakionekana, usikimbilie oili ghali. Ng'oa propela utazame nyuma yake. Kwenye bahari yetu yenye mishipi ya nailoni kila mahali, uzi hujizungushia kwenye shafti, ukayeyuka kwa joto na kuikata sili. Nimeona mafundi wakibadilisha sili bila kuuondoa uzi wote uliojibana chini ya wosha ya propela, na sili mpya nayo ikakatwa. Pengine maji huingilia kwenye wosha za bolti zilizotumiwa tena, au kwenye sili ya juu iliyo chini ya pampu ya maji. Mwombe fundi aupime mguu mtupu kwa hewa ya shinikizo lililotajwa kwenye kitabu, kisha auzamishe kwenye maji na kutafuta mapovu, kabla ya kutia oili mpya.

Kununua na kutia

Dukani, tazama kifuniko kama mhuri wake haujavunjwa, na usome alama ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) pamoja na namba ya kibali iliyo chini yake. Namba hiyo inaweza kuhakikishwa kwa kutuma ujumbe wenye SM# ikifuatwa na namba yenyewe kwenda 20023. Oili inayopimwa kutoka pipa lililo wazi usiitie kwenye mashine kubwa, hata ikiwa muuzaji ni jamaa yako. Nunua wosha mpya za bolti zote siku hiyohiyo. Ni za bei ndogo na huachwa mara nyingi.

Oili hutiwa kutoka chini kwenda juu. Bolti zote mbili zikiwa zimeondolewa, bana pampu ya mkono kwenye tundu la chini na usukume polepole hadi oili itokee tundu la juu bila mapovu. Ukiimimina kutoka juu utafungia hewa ndani, na utadhani mguu umejaa kumbe haujajaa. Funga bolti ya juu kwanza, ndipo uondoe pampu na kuifunga ya chini haraka. Hewa ikiwa imezuiwa juu, oili haitamwagika nyingi.

Mashine mpya, au yenye gia mpya, ibadilishwe oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au kama kitabu kinavyosema. Watu hushika ile sehemu ya "au mwaka mmoja" na kuziacha saa. Boti ya abiria inayofanya kazi saa tano kwa siku hufikisha saa 100 kwa siku 20, na hakuna oili, hata ya sintetiki, iliyokusudiwa kumaliza mwaka kwa kazi hiyo. Kama mashine haina kihesabu saa, andika kwenye daftari la petroli.

Oili iliyotoka itie kwenye dumu lenye kifuniko uipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu. Isimwagwe ufukweni wala kwenye mikoko. Baada ya safari za siku mbili tatu za kwanza, legeza tena bolti ya chini asubuhi na utazame matone machache. Yakiwa na rangi ileile ya oili uliyoitia, ifunge na uendelee hadi saa 100. Yakiwa yameanza kufifia na kuwa meupe, usisubiri saa 100; sili bado inapitisha maji.